Asali Kwenye Kiganja

Kulikuwa na mrina asali mmoja aliyefiwa na mkewe, akaishi na binti yake pembeni mwa msitu. Mizinga aliirithi kwa baba yake, pamoja na mwiko wa ukoo wao: anayerina halambi. Asali ifike nyumbani, majirani waonje kwanza, ndipo mwenye mizinga naye aonje. Ni mwiko mzuri, au sivyo? Unamfundisha mtu kuwatanguliza wengine.

Sasa mzee huyu akapata ugonjwa wa kisukari. Binti akampeleka kliniki. Nesi akawaketisha, akaanza kuwaeleza polepole kwamba sukari ikizidi mwilini huharibu macho, figo, miguu na moyo. Binti aliposikia neno moyo, akasimama. Mama yake alikufa kwa ugonjwa wa moyo.

"Nimeelewa, dada. Sukari haitamgusa tena."

"Ngoja kwanza, kuna na la pili..."

"Nimeshaelewa, asante sana. Baba, twende."

Wale mliowahi kufundisha mnamjua mtoto huyu. Mwalimu hajamaliza kusoma swali, yeye mkono uko juu. Si mtoto mbaya. Mara nyingi ndiye mwenye bidii kuliko wote.

Basi, kopo la sukari likafungiwa kwenye sanduku la nguo. Dukani binti akaacha onyo: "Mkimuuzia baba soda, mmeniua mimi." Wakialikwa harusini, alisimama nyuma ya kiti cha baba yake kuangalia kinachoingia kwenye sahani. Watu wakamsifu, wakasema, huyo ndiye mtoto! Mzee mwenyewe alimtania.

"Mwanangu, wewe ni binti yangu au askari magereza?"

"Vyote viwili, baba. Kunywa chai yako."

"Hii si chai, mama. Haya ni maji ya moto yaliyopita karibu na majani."

Ikafika siku ya kurina. Asubuhi mzee akameza vidonge vyake kama alivyoagizwa. Uji alikunywa mafunda mawili tu, maana akili yake ilikuwa kwenye kamba na ndoo. Mchana hawakula, walikuwa njiani, na mizinga iko mbali. Alasiri akapanda miti, akafukiza moshi, akashusha masega. Binti aliyapokea kwa mikono yake na kuyapanga kwenye ndoo.

Aliposhuka mti wa mwisho, shati la mzee lilikuwa limelowa jasho chapachapa. Mikono ilimtetemeka. Akaketi kando ya ndoo, maneno yakimtoka vipande vipande.

"Baba, una nini?"

"Moyo... unanienda mbio. Nipe... hiyo."

Akanyoosha mkono kwenye ndoo. Binti akaudaka.

"Baba! Asali? Wewe?"

"Nesi ali... alisema..."

"Nesi alisema sukari itakuua! Na mwiko je? Ukoo mzima hakuna aliyelamba msituni, uje uanze wewe mgonjwa?"

Mzee akajaribu tena. Binti akamzuia tena, kisha akaisogeza ndoo nyuma ya mgongo wake. Msimhukumu haraka. Alimzuia kwa upendo mtupu. Alidhani sukari ya baba imepanda, kwa sababu hiyo ndiyo hatari pekee aliyoijua.

Mzee akalegea, akaegemea ubavu. Binti akampakata kichwa, akamshika mashavu kwa viganja vyake viwili, akalia: "Mungu wangu, usimchukue na huyu! Nionyeshe cha kumpa baba yangu!"

Aliomba hivyo, na ndoo imejaa nyuma yake.

Lakini mzee alikuwa na fahamu bado, kidogo. Kiganja kilichokuwa shavuni mwake kilikuwa kimejaa asali ya kazi ya alasiri nzima. Akageuza uso, akakilamba, kama ndama anavyolamba mkono wa mchungaji wake. Binti alitaka kuutoa mkono. Kisha nguvu za kushindana zikamwisha. Akawaza, kama baba anakufa, asife akinyang'anywa. Akauacha mkono pale pale. Mzee akalamba, akameza, akalamba tena, vidole na kiganja. Mtetemeko ukaanza kupungua. Jasho likakauka. Akafumbua macho, akasema kwa sauti yake ya siku zote:

"Mama, ongeza."

Kesho yake walirudi kliniki. Nesi hakumgombeza binti. Alisema, "Vidonge vilifanya kazi na chakula hakikuwepo, sukari ikashuka mno. Jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, huo ni mwili unaomba msaada. Na moyo wa mtu mwenye kisukari ni wa kutunzwa. Ukishtuliwa hivi mara kwa mara, unaweza kushindwa. Ikitokea tena, mpe kitu kitamu upesi, maadamu anaweza kumeza. Asipoweza, usimtie kitu kinywani, mkimbize hospitali. Hilo ndilo la pili."

Binti akalia. "Sasa mbona siku ile hukuniambia?"

Aliyejibu ni baba yake, kwa upole. "Alikuambia, mama. Ulikuwa umeshafika mlangoni."

Watoto wa benchi la mbele, nisaidieni. Moto ukizidi jikoni, ugali unakuwaje? Unaungua, vizuri. Na moto ukififia? Unabaki mbichi. Basi mpishi anayejua kupunguza kuni tu, huyo amejifunza nusu ya upishi.

Na sisi, wapendwa? Wenye ugonjwa huu tunao hapa hapa, tukae nao tusikilize mpaka mwisho wanachoambiwa kliniki. Lakini nawauliza na jambo jingine. Neno la Mungu tulilisikiliza mpaka wapi? "Usifanye hili, usiguse lile," hayo tunayajua kwa moyo. La pili lilipoanza kusemwa, lile la kumlisha mwenye njaa na kumwinua aliyeanguka, tulikuwa wapi? Yule msichana wetu aliyerudi kanisani na mimba, akaketi benchi la nyuma. Yule kaka aliyekuwa mlevi, akaja mikono ikimtetemeka. Walinyoosha mkono, tukaudaka. Tukawasomea mwiko. Halafu jioni tukapiga magoti, tukamwomba Mungu kwa machozi, machozi ya kweli kabisa, atuonyeshe cha kuwapa.

Ndugu zangu, hebu fungueni mikono. Tazameni viganja vyenu.