Mguno Chini ya Sakafu

Soma mpaka chini ndipo umtumie mwenzako. Wapo wanaosoma kichwa tu, kisha wanaanza kuhutubia.

Katika kijiji kimoja cha Ayalandi palikuwa na nyumba kuukuu ya ngoma. Kila Jumapili baada ya misa watu walicheza humo, visigino vikigonga mawe ya sakafu kama walivyofanya babu zao. Mpiga fidla alikuwa Sorcha, mjane. Kijiji kilimpa chumba cha nyuma akae, na kwingine hakuwa nako.

Sorcha akachoka kurudia yale yale miaka nenda rudi. Akatega vinasa sauti sakafuni, akaviunganisha na spika kubwa, ili miguu ya wachezaji nayo iwe muziki. Jumapili ilipofika, fidla akaivuta taratibu, uzi mmoja tu.

Mguu wa kwanza uliposhuka, chini ya sakafu kitu kikaguna. Sauti nzito, tupu, kama mtu anayeitika kutoka kaburini. Mguu wa pili, kikaguna tena. Watu wakamwagika nje, na wale wanaume wenye vifua vya kujigamba ndio waliotangulia mlangoni.

Mzee Lorcan, aliyejiita mlinzi wa mila, alibaki kizingitini, fimbo mkononi. Akasema mwanamke huyu ameingiza pepo katika ngoma ya wazee. Mashine ivunjwe, naye ahame leo leo.

Sorcha mwenyewe alikuwa amelowa jasho. Hakujua kilichoguna ni nini.

"Mzee wangu," akasema, "kama ni pepo, tumtazame kwanza. Naomba mtaimbo."

"Huogopi, wewe?"

"Naogopa. Lete mtaimbo."

Sorcha akalibandua jiwe la katikati. Mzee akafumba macho. Alipoyafumbua, aliona mafuvu matatu ya farasi, yamepangwa vizuri, meno juu.

Akakaa chini pale pale. Akaeleza kwa shida kwamba utotoni aliambiwa babu yake, aliyeijenga nyumba ile, alizika mafuvu ili sakafu ivume watu wakicheza. Yeye alidhani ni porojo. Vumbi lilikuwa limeyajaa, ndiyo maana masikio matupu hayakusikia kitu tena; vinasa sauti ndivyo vilivyoukuza mvumo wake.

"Siku ya kwanza lazima watu walimkimbia babu," akanong'ona.

"Walimkimbia," Sorcha akasema. "Wewe ungemhamisha."

Funzo: Ukijiita mlinzi wa mila, zifukue kwanza, usije ukamfukuza mwenzako kwa jambo lililoanzishwa na babu yako.