Kiti Kimoja cha Kampuni ya Maji

Sikilizeni, mlio na kazi na sisi tuliochoka kuitafuta. Palikuwa na wahitimu watatu wa kutarmac, kuzunguka barabarani wakisaka kazi, digrii safi, mifuko mitupu. Kerubo alijua kuweka sheria. Chengo alijua kuifanya kompyuta izalishe mipango. Nekesa alijua kupima.

Kampuni ya maji ya mji wao ilishindwa kufikisha maji mtaa wa mlimani. Meneja akasema, "Nitafutieni mpango wa kufungua na kufunga valvu. Kazi ipo." Kazi! Walikubali kabla hajafunga mdomo.

Kerubo akaandika sarufi: amri ipi inaweza kufuata ipi. Pampu isiwashwe valvu zote zikiwa zimefungwa, bomba litapasuka. Bila sarufi hiyo, kompyuta ingebwabwaja tu.

Chengo akaifanya kompyuta izae kwa kufuata sarufi hiyo. Mipango bora ilichanganywa kama mbegu za mahindi, dhaifu ikatupwa, kizazi baada ya kizazi. Bila yeye, sarufi ingebaki maneno matupu.

Nekesa akajenga mji wa kuigiza ndani ya kompyuta, akaupa kila mpango alama. Mwanzoni alipima maji yanayotoka tangini, na mipango ikajifunza ujanja: ikamwaga yote bondeni.

"Kwa kipimo chako hiki, mipango imesomea siasa!" Chengo akamcheka.

Nekesa akabadilisha, akapima yanayofika kwenye mtungi wa mwisho mlimani. Bila yeye, nani angejua mpango upi ufe?

Mpango ulioshinda ukatumiwa kwenye valvu za kweli, na maji yakapanda. Mlimani wakapiga vigelegele.

Meneja akawaita. "Hongereni, vijana. Nafasi ni moja. Chagueni wenyewe kabla sijamaliza chai hii, la sivyo anaingia mpwa wangu."

"Boss, you promised!" Kerubo akafoka.

"Niliahidi kazi. Nani alitaja kazi tatu?"

Wakatazamana.

"Niachieni mimi, jamani," Nekesa akasema. "Landilodi ameng'oa mlango wangu."

"Wewe angalau ulikuwa na mlango, dada," Chengo akadakia. " Mimi nalala kwa shemeji, na shemeji ameanza kukohoa nikigusa sufuria."

Kerubo akainamisha kichwa. "Baba aliuza shamba nisome. Kila nikipiga simu ananiuliza, 'Lile shamba umelilimia wapi?'"

Meneja akainua kikombe. Limebaki funda moja.

Haya, nyinyi mnaotuhubiria kila siku tujiajiri, msinyamaze sasa. Aliyeweka sheria, aliyezalisha, au aliyepima? Ama wakatae wote, mpwa akalie jasho lao? Wewe ungempa nani kiti? Sema upesi, mdomo wa meneja umeshagusa kikombe.