Nani Ampe Jina Mtoto wa Ukunguni?

Sogeeni, mwenye masikio aje nayo. Hadithi hii mimi ninayo yote ila mwisho wake, na huo nitawaomba ninyi.

Juu kwenye milima ya Uporoto, ambako mawingu hushuka na kulala mashambani kama ng'ombe waliochoka, waliishi ndugu watatu wenye vipaji. Subilaga, dada mkubwa, alikuwa na macho ya mawingu. Alilitazama wingu likiwa bado ng'ambo ya mlima akajua litakaa kiasi gani na litapasukia wapi. Ambakisye alikuwa na ngozi ya upepo. Hewa isiyotikisa hata jani, yeye aliihisi shavuni. Kitinda mimba, Tusajigwe, alikausha maua ya pareto kwenye banda la mlimani, na shingoni alining'iniza kipimajoto cha kioo. "Mwili husahau," alipenda kusema. "Ukitoka kwenye baridi kali, hata uvuguvugu utauita joto. Kioo hakisahau."

Kaka yao, Gwamaka, hakuwa na kipaji chochote ila moyo mwema, na mke aitwaye Bupe.

Basi Bupe, mjamzito wa miezi minane, alivuka mlima kwenda kumsalimu mama yake. Alipokuwa akirudi alasiri, wingu likamfunika. Gwamaka alipanda akamwita mpaka sauti ikakauka. Ukungu uliimeza kila sauti, ukabaki mweupe na kimya. Ndugu zake wakamfuata huko juu.

Subilaga aliketi kwenye majani yaliyolowa. "Kaka, nyamaza kidogo. Jua limeinama, sasa linaupiga ule mwamba mweusi. Mwamba ukipata joto, hewa yake nayo itapata joto, na wingu litayeyuka pale. Kidogo tu. Tazameni pale, msipepese."

Wakatazama. Ukungu ukafunguka taratibu kama jicho la mtu anayeamka, na ndani ya mwanga ule wakamwona Bupe ameegemea jiwe, kitenge chake cha manjano kinang'aa. Jicho likafumba. Lakini walikwisha kuona, wakakimbia wameshikana mikono.

"Shemeji," Bupe akamwambia Ambakisye, meno yakigongana, "uchungu umeanza."

Jua likazama. Njia haikuonekana, na mlima ule una magenge. Ambakisye akavua shati, akamfunika nalo Bupe mabegani. "Ardhi inapoa," alisema, "na hewa inayoigusa inapoa nayo. Hewa ya baridi ni nzito, hutiririka bondeni kama maji. Nitaisikia mgongoni."

Akatangulia kifua wazi, wengine nyuma yake kama watu wanaotembea usingizini. Pumzi ile ya baridi ikikata kushoto, naye anakata kushoto. Mahali fulani aliihisi ikiporomoka ghafla mbele ya vidole vyake. Akatandaza mikono. "Simameni! Ni genge." Wakazunguka. Hatimaye wakatoka chini ya wingu, wakafika bondeni, penye kibanda cha wachungaji. Nyuma yao wingu liliyeyuka lote, nyota zikajaa.

"Tumepona," Gwamaka akasema, akimlaza mkewe. "Hapa hata upepo hakuna."

Tusajigwe alikining'iniza kioo mlangoni, akakiinamia. "Nyuzi mbili, na bado zinashuka. Hapa hapafai."

"Mdogo wangu, pametulia namna hii!" Ambakisye akashangaa.

"Ile hewa nzito uliyoifuata, mwisho wake ndio hapa. Imejaa kama maji bwawani. Na mawingu yameondoka, ardhi haina blanketi. Mlango hauna cha kuuziba, kuni zimelowa. Mtoto akizaliwa hapa ataganda. Tupande mpaka bandani kwangu."

"Wifi, siwezi tena," Bupe akalia.

"Kidogo tu, wifi yangu. Nishike."

Wakambeba. Kila walipopumzika Tusajigwe alisoma kioo kwa sauti, na Bupe akaanza kuzisubiri zile namba kama mtu anayesubiri wimbo: nyuzi nne, nyuzi sita. Kwenye banda la pareto, nusu ya mteremko, zilikuwa nyuzi tisa. Wakamzungushia magunia ya maua makavu.

Mtoto wa kike alizaliwa kukipambazuka. Bonde lote chini lilikuwa jeupe kwa sakitu, umande uliogeuka barafu, na paa la kile kibanda liling'aa kama limemwagiwa chumvi.

Bupe aliangalia chini muda mrefu, akamkumbatia mwanawe. "Aliyemwokoa ndiye atakayempa jina," akasema.

"Ningekuwa sikumwona mama yake, mngemtafuta mpaka leo," Subilaga akasema, naye tayari amenyoosha mikono.

"Mngemwona na kuporomoka naye gengeni," Ambakisye akajibu.

Tusajigwe alikuwa akifuta kioo kwa upindo wa kanga. "Na baada ya hapo mngemlaza barafuni," akasema polepole.

Gwamaka akamtazama huyu, akamtazama yule. Mtoto akapiga chafya. Wote wakacheka. Lakini wote watatu walikuwa wamesema kweli, na jina ni moja.

Mtoto huyo hapa, amefungwa katika kitenge cha manjano, anangoja kuitwa. Je, wewe ungemweka mikononi mwa nani?