Bakuli la Kaburini

Nisikilizeni, na asiye na masikio aazime ya jirani!

Zamani, makaburi ya waungwana yalipopambwa kwa mabakuli ya kauri, Mwana Shee alikuwa akimwoza bintiye. Kwa kupenda makuu akaenda kwenye kaburi la mamake, akabandua bakuli lililojengewa ukutani, ili awapakulie wageni.

Akapakua pilau, ikawa chokaa. Akapakua tena, chokaa. Mara ya tatu bakuli likanena mbele ya wageni: “Mwana Shee, mamako anauliza kama kwako mmekosa hata sahani.”

Akajifunika uso, akalirudisha mbio. Penye tundu alikolibandua bakuli, mkono wa mamake ulikuwa umenyooshwa, umeshika tonge la wali.

“Kula, mwanangu. Mbona hukuniambia una njaa?”