Shimo Lisilo na Harufu

Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Mulwa aliyajua maneno hayo tangu shuleni, ila aliyatumia kwa kemikali zake tu.

Huko Kasikeu, kando ya tanuri la chokaa, alikuwa amejenga mtambo wa kunasa hewa ya ukaa kutoka kwenye moshi. Ndani yake alichanganya kemikali mbili ziitwazo amini. Ya kwanza ilikuwa na pupa: iliikamata hewa upesi, lakini haikuiachilia bila moto mkali. Ya pili ilikuwa goigoi wa kukamata, lakini ikipashwa moto kidogo tu huachilia. Zikiungana, kazi ilikwenda bila kumaliza kuni. Vali, yaani koki za kufungia hewa iliyonaswa, zilikuwa ndani ya shimo refu kando ya mtambo.

"Ni kama bibi na bwana," alimtania mwenzake, Mutindi. "Mmoja anabana, mwingine anasamehe."

"Na wewe mbona unafanyanga kila kitu peke yako?" Mutindi alimjibu. "Shimo la vali ni la watu wawili. Mmoja anashuka, mwingine anashika kamba."

Mulwa alicheka tu. Kiburi kilikuwa kimemvimbisha kichwa.

Asubuhi moja alikuta kuku watatu wamelala chini shimoni, mbawa wazi, bila tone la damu. Hata nzi hakuwapo. Nywele zikamsimama. Akanusa. Amini zikivuja hunuka kama samaki aliyeoza, na siku hiyo hapakunuka kitu. Basi akaona ni salama, akajifunga kamba kiunoni, ncha ya pili akaifunga kwenye nguzo, akashuka kuwatoa kuku. Alisahau kuwa hewa ya ukaa ikishaachiliwa haina harufu, nayo ni nzito, hujaa shimoni kama maji.

Chini, alisikia mtu akihema kwa nguvu nyuma yake. Akageuka. Hapakuwa na mtu. Pumzi zilikuwa zake mwenyewe, na hazikumtosha. Akaogopa kufa. Akaanguka kando ya kuku.

Mutindi alifika akamwona. Alitaka kuruka ndani, akajizuia. Akaivuta kamba kwa nguvu zake zote, Mulwa hakusogea.

"Ndolo! Kuja haraka, Mulwa anakufa!"

Ndolo, mchoma chokaa, alikuja mbio. Wakavuta pamoja, kamba ikiwachuna viganja, mpaka Mulwa akatoka, midomo ya buluu.

Alipofumbua macho, aliona viganja vinne vinavyovuja damu. Akalia kama mtoto.

"Nguzo haivuti kamba, Mulwa," Mutindi alisema.

Hakika, kidole kimoja hakivunji chawa.