Mwosha Maiti na Mama wa Msokota Kamba

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa watu wa kale, mji wa visima vingi na masoko, aliishi mja mwema aitwaye Mzee Mikdadi, na kazi yake ilikuwa kuosha maiti. Msiniulize mji huo ulikuwa wapi. Mwalimu wangu hakuniambia, nami kuzua siwezi. Alichoniambia ni kwamba kwa miaka arobaini hakufa mwanamume katika mtaa ule ila aligeuzwa ubavu kwa mikono ya Mzee Mikdadi, na mkewe, Bi Shufaa, akifanya vivyo hivyo kwa wanawake.

Mzee huyu alikuwa na adabu ambayo leo tunaitafuta kwa tochi. Alikuwa akimsemesha maiti. "Samahani mwanangu, nainua mkono wako. Maji haya ni ya vuguvugu, usiwe na wasiwasi." Watu walipomcheka alijibu kwa upole, "Mwosha huoshwa. Nami siku yangu ikifika nitapenda kuombwa radhi."

Tena alikuwa na kiapo. Siku aliyokabidhiwa kazi, mwalimu wake alimshika mkono akamwapisha kwamba atakachokiona kwenye kitanda cha josho atakifukia hapo hapo. Si mnajua, ndugu zangu, kwamba anayemwosha maiti akamfichia aibu yake ana ujira mkubwa mbele ya Mola wake? Basi Mzee Mikdadi alikishika kiapo hicho barabara. Ndugu wa marehemu wakimuuliza lolote, awe marehemu mlevi au mcha Mungu, jibu lake lilikuwa moja tu: "Mungu amsitiri, nasi atusitiri." Hapo humtoi neno la pili.

Katika mtaa huo palikuwa na kijana msokota kamba, jina lake Hudhaifa, mwana wa pekee wa mjane aitwaye Bi Unaisa. Asubuhi moja askari wa mji, wale waliopewa fimbo ili wawalinde watu, walipita sokoni wakabeba kamba zake mzigo mzima, hata salamu hawakutoa. Hudhaifa akauliza, "Ndugu zangu, kwa amri ya nani?" Ni hilo tu aliloliuliza, wallahi. Kikulacho ki nguoni mwako. Wakamfunga kwa kamba alizozisokota mwenyewe, wakamburura hadi lindoni, kituoni kwao, na watu wote sokoni wakajifanya wanapanga bidhaa zao.

Siku ya tatu mkuu wa askari, mtu mmoja aitwaye Jundubu, alimwita Bi Unaisa akamwambia, "Pole, mama. Mwanao amejinyonga. Msokota kamba hakosi kamba." Alisema maneno hayo huku akila tende.

Basi jaribuni kufikiri hali ya mama yule. Kufiwa ni kazi ya Mungu, na mja husema inna lillahi akalia akanyamaza. Lakini kuambiwa kwamba mwanao, uliyemfundisha alhamdu kwa mdomo wako, ameitoa roho yake kwa mkono wake mwenyewe, hilo ni jambo jingine kabisa. Imamu wa mji naye aliposikia habari hiyo alisema hatamsalia aliyejiua, ili iwe onyo kwa vijana, na anayetaka kumsalia amsalie. Wakamsalia watu saba.

Kabla ya hapo, maiti ilikuwa imeletwa kwa Mzee Mikdadi. Aliyemimina maji siku hiyo alikuwa mjomba wa marehemu, Kulaibu mfinyanzi. Mzee akamfunika kijana kutoka kitovuni hadi magotini, akajifunga kitambaa mkononi, akaanza upande wa kulia kama ilivyo suna. Alipofika kwenye vifundo vya mikono akasita. Palikuwa na michubuko ya kamba kuzunguka mikono yote miwili. Akamgeuza, akaona mgongo umejaa alama za fimbo. Akapitisha mkono mbavuni polepole, na mbavu mbili zikabonyea chini ya vidole vyake. Kulaibu akaiacha kata ya maji ianguke.

"Mimina, bwana," alisema Mzee Mikdadi, na machozi yanamtoka. "Mimina taratibu, ameumia."

Wakamwosha kwa majani ya mkunazi, wakamtia karafuumaiti, wakamvisha sanda. Jeneza lilipotoka, Bi Unaisa alimkimbilia mzee mlangoni akamshika kanzu. "Mzee wangu, nakuomba kwa Mungu. Mwanangu alikuwaje?"

Mzee Mikdadi akainamisha macho. Aliutafuta moyo wake akakikuta kiapo cha miaka arobaini, akasema, "Mungu amsitiri, mama, nasi atusitiri." Akapita. Alirudi nyumbani akiamini kwamba ametunza amana, na labda mimi na wewe tungeamini hivyo hivyo.

Ikapita siku moja, zikapita tatu, matanga yakaondolewa. Bi Shufaa alikuwa akienda kila siku kukaa na mfiwa, na jioni ya siku ya saba alirudi akaketi mbele ya mumewe kabla hata ya kuvua buibui.

"Mume wangu," alisema, "sikuulizi ulichokiona wewe. Nataka nikwambie nilichokiona mimi. Unaisa hali. Kila mtu anapomuombea mwanawe rehema, yeye haitikii amina. Leo nimemuuliza kisa, akaniambia: naogopa kumuombea, nitamuudhi Mungu. Nikamwambia, jamani, umejuaje kama ni kweli walivyosema askari? Akaniambia: mumeo ndiye aliyenijulisha. Nilimuuliza, akashindwa kunitazama, akasema Mungu amsitiri. Kama hakuona alama ya kamba shingoni kwa mwanangu, alikuwa anasitiri nini?"

Mzee Mikdadi akashika kichwa kwa mikono miwili. "La haula! Mimi?"

"Wewe," alisema Bi Shufaa kwa upole. "Jundubu alisema, naye hakumsadiki. Wewe ulinyamaza, akakusadiki."

Mzee alitawadha, akasali rakaa mbili, akakaa juu ya mkeka muda mrefu mkewe akimsubiri. Kisha akasema, "Nimemsitiri ambaye sikuapa kumsitiri. Nimekuwa shahidi wa wauaji nami nadhani nafanya ibada." Akalia kwa uchungu, na mkewe akamfuta machozi kwa upindo wa kanga yake akamwambia, "Basi amka. Kosa lisilozikwa hutengenezeka."

Asubuhi yake hakukimbilia lindoni kupiga makelele, maana alijua anayeingia kwa makelele hutolewa kwa fimbo. Alikwenda kwa mwandishi wa mtaa, akamwandikisha kila alichokiona: siku, saa, nani aliileta maiti, nani alikuwepo, jeraha lilikuwa wapi na la ukubwa gani. Akaandikisha nakala mbili. Moja akaitia kifuani, moja akampa mkewe. Alisema karatasi moja hupotea, hasa ikiwa kuna mtu anayependa ipotee.

Kisha akaenda kwa Kulaibu mfinyanzi, maana sheria inataka mashahidi wawili. Akamkuta na udongo hadi viwikoni.

"Mzee, niache," alisema Kulaibu kabla hajaulizwa. "Mwenye nguvu mpishe. Mimi nina binti wanne, na askari wanajua mlango wangu. Hudhaifa hatarudi."

"Hatarudi," alikubali mzee. "Nami sikuja kukulaumu, maana mimi mwenyewe nimekaa kimya siku saba. Nimekuja kukwambia tu kwamba dada yako haombi rehema kwa ajili ya mwanawe. Anaogopa." Akampa salamu akaondoka, wala hakugeuka kumtazama.

Siku ya baraza la Kadhi ikafika. Mzee Mikdadi alitoka nyumbani kwake akidhani atakwenda peke yake. Alipofika kona ya wafinyanzi akaona maduka yote yamefungwa, na Kulaibu amesimama mbele, kanzu yake safi lakini udongo bado uko kwenye kucha. Nyuma yake walisimama wafinyanzi, na wasokota kamba, na wauza maji, na wale wale waliojifanya wanapanga bidhaa siku ile. Baadhi yao walikuwa wameokota mawe.

"Yatupeni," alisema Mzee Mikdadi. "Jundubu anasubiri jiwe moja tu, apate la kusema. Na matusi pia yaacheni hapa hapa. Tuendeni tukakae, tuonekane tumekaa."

Wakaenda, wakajaza ua wa Kadhi, wakakaa chini kimya. Askari walizungukazunguka na fimbo zao wasijue wampige nani. Bi Unaisa aliletwa na Bi Shufaa akaketi nyuma ya pazia la wanawake.

Mzee akasimama, akasoma karatasi yake. Kulaibu akasimama akasema, "Nilimimina maji. Niliona aliyoyaona." Jundubu hakushtuka. Alicheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye jibu mfukoni.

"Bwana Kadhi," alisema, "mzee huyu tunamheshimu sote. Lakini yeye ni mwosha, na mwosha huapishwa kumsitiri maiti. Leo anasimama hadharani anaanika mwili wa maiti wa watu. Mtu aliyevunja kiapo chake, ushahidi wake unapokewa vipi? Na ninyi wenzangu, nani kati yenu atamwita amwoshe baba yake baada ya leo?"

Watu uani wakainamisha vichwa, maana neno hilo lilikuwa na sura ya dini. Subhanallah, shetani naye akitaka kumshinda mcha Mungu hamjii na chupa ya ulevi. Humjia na aya. Kadhi akamgeukia mzee. "Una la kujibu?"

Kwa mtu wa namna ya Mzee Mikdadi, kuambiwa kwamba amemvunjia maiti heshima kulikuwa kuchungu kuliko fimbo ya askari yeyote.

"Bwana Kadhi," alisema, "mwili wa Hudhaifa ulikuwa na aibu zake, kama mwili wangu na wako. Hizo nimezifunika, na nitakufa nazo. Lakini zile mbavu si aibu yake. Ile mikono si aibu yake. Aibu ile ina mwenyewe, naye yuko hai, amesimama hapa, na mimi sikuapa kumsitiri yeye. Na kama kwa hili hakuna atakayeniita tena, basi na iwe hivyo, Mungu ataniruzuku."

Hapo ikatoka sauti nyuma ya pazia. Si ada kwa mwanamke kumkatiza Kadhi, na Bi Unaisa alikuwa mwanamke wa haya nyingi. Alisema, "Mzee wangu, na shingo?"

Kadhi akainua mkono ili mama yule asizuiwe.

"Mama," alisema Mzee Mikdadi, na sasa hakuinamisha macho, aligeuka akalitazama pazia, "shingo yake niliiosha mara tatu kwa mkono huu. Ilikuwa safi. Hapakuwa na kamba, wala mkwaruzo, wala chochote. Mwanao hakujiua. Mwanao aliuawa hali ya kuwa amedhulumiwa. Nilipaswa kukwambia pale mlangoni, na sikukwambia. Nisamehe."

Mama yule akalia kilio ambacho alikuwa amekibana siku zote zile, na wanawake wakamkumbatia.

Sitawadanganya kwamba haki ilimalizika siku hiyo. Jundubu alivuliwa upanga akawekwa ndani pamoja na askari wake wawili, lakini kesi ilichukua miezi. Walitumwa watu wa kumtisha Kulaibu, na kila walipokwenda walikuta wafinyanzi watano wameketi mlangoni kwake wanakunywa kahawa. Kila siku ya baraza watu walijaa uani wakakaa kimya, mpaka askari mmoja akachoka kubeba uongo, akakiri kila kitu. Wenye hatia wakahukumiwa kwa sheria, na tangu siku hiyo haikuruhusiwa mtu kulala lindoni bila jina lake kuandikwa na watu wake kuitwa.

Lakini mwalimu wangu hakupenda kumalizia hapo. Alipenda kumalizia na siku ile ile ya baraza, baada ya swala ya alasiri. Imamu alikwenda nyumbani kwa Bi Unaisa kwa miguu yake, akasimama nje akasema, "Mama, niliharakisha kumhukumu mwanao kwa neno la askari. Nipe ruhusa nikamsalie kaburini." Akatoka, na mji ukatoka nyuma yake. Wale saba wa mwanzo hawakuonekana tena walipo kwa wingi wa safu.

Imamu alipotoa salamu akainua mikono akaomba, "Ewe Mola, mghufirie Hudhaifa." Na nyuma kabisa, mahali walipokuwa wanawake, sauti moja iliwatangulia watu wote kuitikia amina. Mzee Mikdadi aliijua sauti ile. Akakaa chini pale pale kwenye mchanga akalia, na safari hii hakujificha uso.

Ndugu zangu, kusitiri ni ibada, wala asikudanganyeni mtu. Ila kabla hujafunga mdomo wako kwa jina la Mungu, muulize moyo wako: ninayemfunika ni nani, na ni nani anayelala kwa baridi kwa sababu ya kufunika kwangu? Mola atujaalie ulimi usemao kweli kwa upole, na majirani wa kukaa nasi mlangoni tukishaisema.