Ufunguo wa Stoo ya Miche

Yuko mtu anayekipenda kitu hadi akakiua, kisha akasimama juu ya kaburi lake akitaka pole. Huyo asipewe pole. Wahenga walimsema zamani: mchelea mwana kulia, hulia yeye. Anayeogopa machozi madogo ya leo anajiwekea akiba ya makubwa ya kesho. Watu wa Maliba waliijua methali hii vizuri. Kazi yao ilikuwa kuwatupia wenzao.

Mto ulipovunja kingo ukasomba bustani za wanawake wa kikundi cha Maliba, hawakubakiwa hata na shimo la kupandia kitunguu. Mzee Mugenyi, mfugaji wa Karusandara, akawaazima kipande cha malisho yake kule bondeni.

"Mvua hizi zikiisha nikute nyanya zimesimama, mtalima hapa hadi mchoke," aliwaambia. "Nikikuta nyasi, ng'ombe wangu wanarudi."

Hawakuwa na shamba jingine chini ya jua.

Ezironi, bwana shamba wa mradi mmoja, akawaletea taa za kuoteshea miche, akazitundika katika stoo ya zamani ya kahawa. Mbegu za nyanya na biringanya zikachipua humo salama, mbali na mbuzi na mvua ya mawe. Kabla ya kuondoka alisema wazi, na kila mmoja alisikia: "Taa si jua. Wiki ya mwisho trei zitoke nje, asubuhi kidogo, kesho yake zaidi, zipigwe na upepo, miche ikomae. Itanyauka kidogo. Msiogope."

Maliba haijawahi kukosa kuambiwa. Mradi uliotangulia ulileta mizinga ya nyuki, wakaambiwa waitundike mitini. Ikakaa chumbani hadi mchwa wakaimaliza, kwa kuwa kila mtu aliogopa kuumwa. Nani anakumbuka? Walishasahau.

Ufunguo wa stoo aliushika mwenyekiti wao, Phionah, ambaye wote walimwita Mama Bright. Jirani yake Enid alipotoa trei ya kwanza, miche ikainamisha vichwa kabla jua halijapanda sawasawa. Phionah akaja mbio, leso inamwanguka.

"Enid! Unataka kuniulia watoto? Mto haukutosha?"

"Imesinzia tu, Mama Bright. Jioni itaamka."

"Mtoto hatolewi nje kitovu hakijaanguka!"

"Na kikianguka si anatolewa, akaonyeshwa jua, akapewa jina? Hawa wako wameota ndevu na bado wamo ndani!"

Phionah akairudisha trei, akapiga kufuli, akautia ufunguo kifuani.

Kikao kikaitwa. Enid alitaka kufuli livunjwe siku ile ile. Consolée, aliyevuka mpaka pale Bwera miaka mingi iliyopita akaolewa Maliba, akamwunga mkono kwa Kiswahili cha kwao ng'ambo: "Mama Bright, ile miche beko sawa batoto ba chumbani. Jua ya Karusandara haina huruma. Itabaunguza."

Hapo Phionah akaangua kilio. Aliulilia mto, akalilia bustani yake, akalilia maneno ya Enid. Wanawake wakatazama vidole vya miguu yao.

"Tumwache jamani," wakanong'onezana. "Amelia vya kutosha mwaka huu."

Hasira ilimpanda Enid kama uji unaofurika sufuria. Akaimeza, ikamchoma, akaketi.

Wageni wa mradi walipokuja, walikuta miche mirefu kama shingo za korongo. Wakapiga makofi, wakapiga picha. Urefu ule ulikuwa udhaifu wa mche unaohangaikia mwanga, nao wakausifu kama afya. Phionah akatabasamu hadi jino la mwisho.

Siku ya kupanda, miche ikatoka stooni moja kwa moja hadi bondeni. Kufikia adhuhuri majani yalikuwa yamepauka kama kabichi iliyochemshwa. Upepo wa Karusandara ukaja, mashina yakakatika kama tambi. Wanawake wakamwagilia, wakafunika kwa majani ya migomba, wakaomba Mungu. Haukupona hata mmoja. Mbegu zilikuwa zimekwisha, na mvua nazo.

Mzee Mugenyi akaja na fimbo begani, ng'ombe nyuma yake. Akaugusa mche mmoja mkavu kwa ncha ya fimbo.

"Mzee, tuongeze hata mwezi," Consolée akamsihi.

"Ng'ombe hawajui mwezi, mama. Wanajua njaa." Akaondoa matawi ya miiba yaliyoziba mlango wa shamba.

Phionah akaanguka magotini, akalia kwa sauti. "Mbona mlininyamazia? Enid, mbona hukulivunja lile kufuli? Mngenitukana!"

Enid akamsimamia juu. "Ulilia, Mama Bright! Ulilia kidogo tu, na sisi wanawake wazima tukaufyata. Wewe uliogopa miche itanyauka, na sisi tukakuogopa wewe. Nani ana akili hapa? Sasa lia! Lia, tulie wote!"

Machozi yakamtoka Enid mwenyewe kabla hajayakataza. Wakalia wote, na hapakuwa na hata mmoja mwenye uso wa kumbembeleza mwenzake. Ng'ombe wakapita katikati yao taratibu, wakiyakanyaga matuta.

Kweli, mchelea mwana kulia, hulia yeye.